Bokoboko la Ijumaa la Bwana Tanabe

Mwalimu wenu amenipigia simu mara tatu akitaka niwaandikie mambo ya kazi, nyinyi mnaojifunza upishi hapo Mbeya. Nimekubali kwa sharti moja: asitokee mtu wa kunisahihisha kuhusu maji ya wali. Kuhusu chumvi tubishane, kuhusu vitunguu tubishane, hata kuhusu nani alikuwa mpishi bora kati yangu na marehemu Mzee Kihwele tunaweza kubishana, ingawa jibu ni mimi. Lakini maji ya wali nimeyasomea kwa aibu, na aibu yenyewe ndiyo nataka kuwasimulia.

Jina langu Zuhura. Nilizaliwa Iringa mjini, kwa wazee waliopanda kutoka pwani na biashara ya nguo wakasahau kurudi. Kwetu mwanamke akipika wali ukashikana, ndugu wa mume wanaitisha kikao. Wali lazima uchambuke, punje na punje, kila moja ijue mipaka yake. Na mimi, pamoja na malezi hayo, nikaenda kupata kazi Ubaruku, kwenye hosteli ya kituo kimoja cha mafunzo ya mpunga. Huko kila mtu analima mpunga, anakoboa mpunga na anaongea mpunga. Ukiharibu wali Ubaruku huna pa kujificha, hata dereva wa trekta ana maoni.

Aliyenifundisha kazi ni huyo Mzee Kihwele, Mhehe aliyewahi kuwapikia mapadri kwa miaka mingi. Alikuwa hapimi kitu. Aliinamisha sikio juu ya sufuria akafumba macho, sisi wengine tukangoja.

"Kamwene, Zuhura," ananiamkia kwa Kihehe, "umeusikia?"

"Nimesikia nini, Mzee?"

"Wali. Unasema maji yameisha."

"Mimi sisikii kitu."

"Utasikiaje, na wewe unaongea kuliko wali?"

Mlioko jikoni leo, jaribuni. Sufuria likiwa na maji linachemka kwa kelele za kubwabwaja. Maji yakikaribia kuisha, sauti inageuka kuwa ya kuchakachaka, ndogo, kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Hapo ndipo unapunguza moto chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Mkiwa na jiko la gesi mtafanya mnavyojua, mimi sina ugomvi na gesi, ila kwa kupalia haliniambii kitu.

Somo la pili la Mzee Kihwele nililisikia kwa sikio moja, likatokea la pili. Alisema mchele mpya hauna kiu. Mchele uliokaa stoo mwaka mzima umekauka, utaumiminia maji mpaka yapite juu yake kwa kiungo kizima cha kidole na hautalalamika. Lakini mchele uliotoka mashineni jana, mpunga ukiwa wa msimu huu, bado una maji yake mwilini. Ukiupa kiungo kizima unapata bokoboko. Sisemi lile bokoboko la ngano na nyama ambalo wazee wangu walilipika siku za sherehe, Mungu awarehemu. Nasema wali uliolegea ukajisahau.

Sasa niwatambulishe wageni wawili, maana bila wao hakuna hadithi.

Wa kwanza ni Bwana Tanabe, Mjapani, mtaalamu wa mifereji ya mashamba. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko cha kwetu sote. Hakuwahi kusema "naomba maji". Alisema, "Samahani, Bi Zuhura, je, ninaweza kupatiwa maji ya kunywa?" Mpaka amalize sentensi, kiu imehamia kwangu. Na ukimwita anaitikia "Hai!", ndiyo kusema "naam" kwao. Mwanzoni nilikuwa namjibu, "Naona uko hai, Bwana Tanabe, njoo ule."

Wa pili ni Megani, binti wa Kimarekani aliyekuwa anafundisha sayansi sekondari huko Rujewa na kulala hosteli kwetu. Kiswahili chake alikipata kwa wanafunzi. "Shikamoo Bi Zuhura, niaje, kuna msosi?" Shikamoo na niaje kwenye pumzi moja! Nilimkemea, akacheka, kesho yake akarudia.

Hawa wawili hawakuelewana hata kidogo. Siku ya kwanza Bwana Tanabe aliinama kumsalimia, Megani akamkumbatia. Basi yule mzee wa watu akasimama mikono pembeni kama anapimwa koti kwa fundi. Kuanzia hapo akawa anampitia mbali. Kiingereza cha Bwana Tanabe kilikuwa kama changu, cha kwenye vyeti tu, na Megani Kijapani hajui. Lugha waliyobaki nayo ni Kiswahili chetu, na hawakuwa na la kuambiana kwa Kiswahili zaidi ya habari za asubuhi.

Tena kulikuwa na jambo zito kidogo nyuma yake. Megani aliwahi kuniambia nikichambua mchele kwamba babu yake alipigana vita na Wajapani ujanani, na mpaka anazeeka alikuwa hataki hata jina lao litajwe mezani kwake. "Mimi simchukii Tanabe," aliniambia, "lakini sijui nianzie wapi." Nikamwambia aanzie kwa kuacha kumkumbatia.

Basi ikaja ile siku, Ijumaa moja. Wakubwa wa wilaya na mkoa wanakuja kutembelea kituo, wanakula nasi chakula cha mchana. Meneja wa hosteli, Bwana Mgaya, aliingia jikoni asubuhi mara nne kuniambia nisimwaibishe. Huyu bwana alikuwa na tumbo la heshima na kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino.

Mimi nilikuwa sina wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa kwa Atupele, mtunza stoo, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kwa sababu ana habari ya harusi ya Igawa na hajapata mtu wa kumpa. Bwana harusi amezimia mbele ya mchungaji. Hiyo si habari ya kuachwa mpaka jioni. Akaja na gunia la mchele kichwani na harusi mdomoni.

"Dada, nakwambia, kaanguka puu! Na suti ilivyokuwa imembana!"

"Imembana?"

"Imembana! Halafu hii mpya, ujue. Ile ya zamani imeisha."

"Ya zamani imeisha vipi?"

"Imeisha tu. Panya."

Nikaona ni sawa. Suti ya zamani imeliwa na panya, kanunua mpya, mpya imembana, kazimia. Wanangu, Atupele alikuwa amerudi kwenye mchele! Kwa watu wa pwani ningeshtuka, maana wao wangesema mchele huu ni mpya, ule wa zamani umeisha. Huku kwetu kila kitu ni "hii". Suti ni hii, mchele ni hii, mkwe akizubaa naye ni hii. Nikatia maji kiungo kizima cha kidole, sufuria la watu wote, nikaendelea kuuliza bibi harusi alifanya nini.

Nilipofunua mfuniko, sikuona wali. Niliona kitu kimoja. Nikasimika mwiko katikati, mwiko ukasimama wenyewe.

Bwana Mgaya aliingia wakati huohuo. "Bi Zuhura, hiki ni nini?"

"Wali."

"Wali gani huu? Hii tungempa mkandarasi akaizibie barabara." Akateremsha sauti. "Wageni wameshakaa. Gawa hivyohivyo. Ukimaliza, kakusanye vitu vyako."

Niligawa machozi yananilenga. Nina watoto watatu shuleni, mume hana kazi, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua. Ukumbini nilisikia vijiko tu vikijaribu kujinasua. Mkubwa mmoja aliinua kijiko, sahani nayo ikainuka.

Ndipo Bwana Tanabe akaweka kijiko chake chini. Nikaona ana machozi. Akasimama, akainama mbele yangu mpaka nikaona kisogo chake, akasema watu wote wakisikia:

"Bi Zuhura, ninakushukuru sana. Kwetu Japani wali hushikana. Chakula hiki kimenikumbusha nyumbani kwa mama yangu. Je, ulijuaje?"

Sasa nyinyi niambieni mngejibu nini. Bwana Mgaya ananitazama, wakubwa wananitazama, vitu vyangu vinasubiri kukusanywa. Nikafuta mikono kwenye aproni nikasema, "Nilifanya utafiti."

Ukumbi ukapiga makofi. Megani akainua sahani yake, akasema na yeye aongezwe, aonje utamu wa Japani. Bwana Mgaya akanipa mkono. Yale mambo ya kukusanya vitu hayakutajwa tena.

Kosa likishapigiwa makofi haliachiki. Ijumaa iliyofuata nikaona aibu kumpikia Bwana Tanabe wali wa kawaida, kana kwamba utafiti wangu umeisha. Nikampikia bokoboko lake kwenye kisufuria cha pembeni. Akainama, akashukuru. Ijumaa nyingine tena. Nikawa nalitengeneza kwa juhudi, nikaongeza maji, nikalisonga kidogo kama ugali ili lishikane zaidi. Kila Ijumaa alichukua sahani mbili, moja yake, moja ampelekee Megani, wakaenda kukaa kibarazani nyuma ya hosteli. Walikaa huko saa nzima, wanacheka. Kituo kizima kikasema pale kuna posa. Atupele akaanza kuulizia kitambaa cha sare. Posa haikuja, lakini wale watu wawili waliokuwa wanapishana kama hawajuani wakawa hawaachani. Yule anafundishwa Kijapani, huyu Kiingereza, wote wakitafsiriana kwa Kiswahili cha Rujewa. Na mimi nikisikia vicheko hivyo jikoni nikawa najisifu kimoyomoyo. Nikisali Ijumaa nilikuwa najiuliza kama uwongo unaopatanisha watu unaandikwa upande gani, na sikuwahi kumwuliza sheikh, nisije nikajibiwa.

Mikataba yao ilipoisha kila mmoja akarudi kwao. Nikastaafu nami, nikahamia Mbeya kwa binti yangu. Nikadhani yameisha.

Mwaka huu Megani akanipigia kwa video, nywele zina mvi. Kumbe yeye na Bwana Tanabe hawakuachana. Mjini kwao Marekani kuna familia za Kijapani, wamekuwa majirani wa Wamarekani miaka na miaka bila kuingiliana. Hao wawili, Bwana Tanabe akisafiri kutoka Japani, wakaanzisha mkutano wa kila mwaka: watoto wa Kijapani wanakaa kwa Wamarekani, wa Kimarekani wanakaa kwa Wajapani, wanapika, wanacheza, wanafundishana kuandika. Hata yule babu yake Megani, kabla hajafa, alikula meza moja na Bwana Tanabe. Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele, mjukuu wangu akadhani kuna harusi. Na kila mwaka, Megani akaniambia, mkutano wao wanaufungua kwa chakula maalumu.

"Chakula gani, mwanangu?"

"Wali wa Bi Zuhura."

Nilikaa kitini taratibu. Bokoboko! Watu wazima wa mataifa mawili makubwa, wamevaa vizuri, wanakula bokoboko langu kwa heshima! Na si hilo tu. Wameamua kuwaenzi waliosaidia kuwakutanisha watu wao, na wa kwanza ni mimi. Wanakuja Ubaruku na ngao ya heshima.

Siku ya kupokea ngao nikapanda basi mpaka Igawa, nikachukua bajaji kwenda ndani. Kwenye begi nina gauni jipya na vifuko viwili vya mchele wa zamani niliomletea Atupele. Kwenye kifua nina uwongo wa miaka yote hiyo. Nikisema kweli, nitajulikana bonde zima la Usangu kuwa mpishi aliyeunguza jina lake, tena mwongo. Nikinyamaza, nitaining'iniza ngao ya utafiti ukutani na kuitazama kila siku mpaka nife. Kwa mawazo nilipita Rujewa nzima bila kuona hata duka moja.

Ukumbi ulikuwa uleule, umepakwa rangi. Bwana Tanabe ameshazeeka, kanyooka vilevile. Megani kanikumbatia, na sasa naye Bwana Tanabe anakumbatia, mkono mmoja tu, kwa tahadhari. Ngao ikasomwa: kwa Bi Zuhura, aliyemjua mgeni wake kabla hajasema. Nikahisi gauni linanibana kama suti ya yule bwana harusi.

Halafu akapewa nafasi Bwana Mgaya, mstaafu naye, na kalamu zake mbili. Akasimama akakohoa.

"Ndugu wageni, siku ile mimi ndiye niliyemwelekeza Bi Zuhura. Nilimwambia, mama, hawa Wajapani wanapenda wali ulioshikana, hebu..."

Nyinyi hamnijui nikipandwa na hasira. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijaamua.

"Bwana Mgaya! Wewe uliniambia nikakusanye vitu vyangu!"

Akakohoa tena.

"Na ulikuwa na haki," nikaendelea, maana sasa hakuna pa kurudi. "Wali uliharibika. Ulikuwa mchele mpya, mimi nikatia maji ya mchele wa zamani kwa sababu nilikuwa nasikiliza habari za suti. Sikufanya utafiti wowote. Bwana Tanabe, Megani, mwanangu, nisameheni. Mmekuwa mkila kosa langu, na mmewalisha wenzenu. Hiyo ngao rudini nayo."

Nikakaa. Atupele, aliyekaa jirani yangu, akajifunika uso kwa kitenge.

Bwana Tanabe akasimama polepole. Akainama.

"Bi Zuhura, mimi ndiye ninayepaswa kuomba radhi. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Wali wa kwetu hushikana, lakini si hivyo. Ule ulikuwa, samahani sana, kama gundi. Lakini nilikuwa nimepita karibu na jikoni, nikasikia Bwana Mgaya akikuambia ukusanye vitu vyako. Mama yangu pia alikuwa mpishi wa shule. Nilimkumbuka yeye, si wali. Kwa hiyo machozi yalikuwa ya kweli."

Nikamtazama Bwana Mgaya, naye akatazama dari.

"Halafu," akasema, na sasa sauti yake ikapungua, "Ijumaa ikafuata ukanipikia tena. Na tena. Sikujua namna ya kukuambia. Nilikwenda kwa Megani kuomba msaada."

Megani alikuwa ameshaanguka kwenye kiti kwa kicheko. "Bi Zuhura, tulikuwa tunawapa kuku! Kuku wa mlinzi! Mimi nilikuwa naangalia kama unakuja, yeye anamwaga. Kuku wenyewe siku nyingine walikuwa wanagoma, ndiyo maana tulikuwa tunakaa saa nzima. Sasa saa nzima utakaa kimya? Tukaanza kuongea."

"Tuliongea habari za babu zetu," akasema Bwana Tanabe. "Kama wali ungekuwa mzuri, ningekula mezani, nikanawa mikono, nikaenda kulala."

"Na huko Marekani?" nikauliza. "Hao watu mnaowalisha?"

"Wanajua," akasema Megani akifuta macho. "Tunawasimulia kila mwaka. Hakuna anayemaliza sahani. Wanageukiana na kuulizana watafanya nini na kilichobaki, na hapo ndipo mkutano unaanza."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, sikujua kipi ni kipi. Bwana Mgaya aliketi chini akawa anatafuta kitu kwenye simu yake. Nikaichukua ile ngao, nikaikumbatia, kisha nikakumbuka jambo likaniuma kuliko yote. Huyu mtu aliishi kwangu Ijumaa zote zile, mimi mpishi, yeye akilala na njaa.

"Bwana Tanabe, ulikuwa unataka kula nini?"

"Ule uliokuwa unawapikia wengine."

Sikungoja hotuba iliyofuata. Niliingia jikoni na gauni langu jipya, nikamfuata Atupele anipe kifuko kimoja cha ule mchele niliomletea. Nikauchambua, nikauosha maji matatu, nikatia kiungo kizima cha kidole, nikamwambia Atupele asiseme neno mpaka nimpe ruhusa, nikainamisha sikio. Wageni wakangoja, hakuna aliyelalamika. Nikapalia makaa. Nilipofunua, ulikuwa umechambuka punje kwa punje, unanukia ukumbi mzima.

Nikampakulia mwenyewe, nikasimama mbele yake mikono kiunoni. Alikula kimya mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima ileile ya siku zote, akasema, "Bi Zuhura, asante sana. Ni mtamu kuliko chakula chochote nilichowahi kula Tanzania."

Wanangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijawahi kuhitaji kumwamini mtu kama nilivyohitaji kumwamini yule mzee pale. Nikamtazama usoni, hakupepesa. Nikamtazama Megani, naye hakupepesa. Basi mbele ya wageni wote wa Japani na Marekani, na ngao yangu kwapani, nilipiga magoti nikachungulia chini ya meza. Hapakuwa na kuku hata mmoja.